Nyuki Waliohamia Kaburini

Mume wangu tulimzika kiangazi, nyuma ya migomba, hatua chache kutoka jikoni. Huku Murungu kila ukoo unalala kwenye shamba lake, na walio hai wanapita hapo hapo wakienda kuchuma kisamvu. Presha ilimwangusha akiwa anafunga magunia ya udaga, ile mihogo iliyolowekwa na kukaushwa, ya kupeleka Kasulu. Tulimkimbiza hospitali, akalazwa siku mbili, siku ya tatu tukarudi naye kwenye lile lile gari la magunia. Sikupata nafasi hata ya kumgombeza, na mimi ni mtu wa kugombeza.

Hilo la kugombeza nalisema mapema ili nieleweke. Mdomo wangu hauna breki. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, kwanza kwetu Kasulu, kisha huku Kibondo nilikoolewa, na sijui mwalimu mkuu ambaye hajaonja ulimi wangu. Nimegombana na watu wa mnada, na makondakta, na padri mmoja kuhusu muda wa misa. Kwa hiyo anayesoma haya akifika mwisho akaniuliza, mbona hukusema, ajue kwamba nami najiuliza swali hilo hilo mpaka leo.

Mvua za kwanza zilipokuja, tuta la kaburi liliota majani kabla ya mahindi kuota. Kilianza kishona-nguo, yakafuata yale majani ya kutambaa yenye maua madogo ya buluu, halafu yale marefu yenye maua ya rangi ya chungwa yaliyopangana ghorofa ghorofa kwenye shina moja. Mama mkwe, ambaye nyumba yake na yangu zinatazamana uani, aliyaona kabla yangu.

"Mwanangu, palilia pale kwa mumeo," aliniambia.

"Ego, mama," nikamwitikia ndiyo kwa Kiha, na sikupalilia. Si kwamba nilikuwa na sababu. Nililichukua jembe mara mbili, nikafika pale, mikono ikakataa kulinyanyua juu yake. Nikawa namwambia mama mkwe nasubiri mvua ikatike, nasubiri likizo, nasubiri mgongo upone. Uongo wa mtu mzima hauna mwisho.

Jumamosi moja asubuhi nilikwenda pale kuwakimbia wageni. Walikuwa bado wanakuja kutoa pole, miezi baada ya msiba, na kila mmoja alitaka nimsimulie upya jinsi alivyoanguka. Nikakaa chini karibu na tuta. Mdudu mmoja akaja kwa kasi, akasimama hewani mbele ya udongo akitetemesha mbawa, kisha akaingia kwenye tundu dogo. Tundu lenyewe lilikuwa usawa wa kifua cha mume wangu, kwa hesabu yangu. Nilipandwa na hasira. Nikawaza, hata huku chini hawamwachi apumzike! Nikavua kandambili, nikamngoja atoke nimtandike.

Alitoka kinyumenyume, akisukuma udongo nje kwa miguu ya nyuma, akaumwaga, akarudi ndani. Akatoka tena na mzigo mwingine. Tumboni alikuwa na mistari ya buluu, buluu ambayo sijaiona hata kwenye vitenge vya harusi. Alikuwa na haraka zake, na hakuwa na habari na mimi wala na kandambili yangu. Nilikaa pale mpaka jua likanichoma shingo, na niliporudi jikoni nilikuta wageni wameondoka na ugali umepoa.

Simu niliyokuwa nayo ilikuwa ya marehemu. Aliinunua kwa ajili ya kamera, awapigie picha wanunuzi wa udaga waone weupe wake. Nikaanza kuitumia kuwapiga picha wale wadudu. Picha zangu za kwanza zilikuwa za majani matupu. Ukibonyeza, yeye ameshaondoka. Binti yetu, anayesoma chuo Mwanza, nilimtumia moja yenye kivuli cha mbawa, akanijibu siku ya pili: "Mama, huyo ni nyuki. Ni aina isiyoishi kwenye mzinga. Kila jike anachimba tundu lake peke yake. Tafuta lenzi ya kubana kwenye simu."

Lenzi niliipata Kasulu, nilipokwenda kuwasalimia ndugu zangu wa kijijini Kitanga. Mwenye duka alikuwa mzee wa asili ya Tanga, kanzu yake nyeupe hata kwenye vumbi lile.

"Karibu mwalimu," akasema. "Hiki kidude mabinti hununua wapige picha kope zao. Wewe wataka kupiga nini, bibie?"

"Nyuki."

Akanitazama juu ya miwani. "Nyuki wa nani?"

Swali la haki kabisa, maana huku kwetu nyuki ana mwenyewe. Nikamwambia ni wa kwangu. Akanifungia kwenye mfuko mdogo, akaniombea heri na nyuki wangu, na njia nzima ya kurudi Kibondo nilikuwa nacheka peke yangu kwenye kiti cha dirishani.

Kuanzia hapo niliishi kwa ratiba yao. Nilijifunza kwamba nyuki hafukuzwi, anangojwa. Unachagua ua moja lililofunguka vizuri, unapiga magoti, unaweka simu tayari, unanyamaza. Kunyamaza kwenyewe kulinichukua wiki. Wakija nzi wa maua unawaacha wapite, hao ni wa kujizoeshea mkono, wanakaa mpaka unawachoka. Vipepeo nao wapo, lakini kipepeo ni mtu wa kujionyesha, picha yake haina jasho. Niliwataka wale wa buluu. Alfajiri ya baridi niliwakuta madume yao yamelala nje, kila moja limeuma kijiti kwa meno na kuning'inia hapo, maana dume hana nyumba, mwenye nyumba ni jike. Nilimwambia mume wangu habari hiyo kwa sauti. Angecheka sana.

Majike yalikuwa na matundu kumi na saba. Nilihesabu kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na jioni nikirudi. Kila jike alikwenda kwenye maua, akarudi na chavua imejaa miguuni, njano tupu, akaingia kwenye tundu lake bila kukosea, ingawa kwa macho yangu matundu yote yalifanana. Binti yangu akanieleza mengine: anatengeneza vyumba vidogo chini, kila chumba anaweka chavua na yai moja, anaziba. Watoto wanakaa humo kiangazi chote, wanatoka msimu unaofuata. Mama yao hawaoni, anakuwa ameshakufa.

Nitasema wazi kwa sababu sikuwahi kulisema kwa mtu yeyote. Tangu tumzike, sikuwa nimeona sababu ya kuamka. Niliamka kwa sababu kengele ya shule inagongwa na watoto wa watu wananingoja. Wale nyuki ndio kitu cha kwanza kilichonitoa kitandani kwa hiari yangu. Kaburi la mume wangu lilikuwa na kitu hai, kitu kinachoingia na kutoka, na mwakani watoto wake wangetoka hapo hapo kifuani pake. Niliwaza msimu ujao kama mtu mwenye msimu ujao. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo.

Sasa nifike kwenye upumbavu wangu. Ukoo wa mume wangu una kundi lake kwenye simu. Kila asubuhi watu wanatumiana mawaridi yanayometameta yenye maneno ya Mungu akubariki. Siku moja nilipata picha ambayo sijawahi kuipata kabla wala baada. Nyuki yuko hewani mbele ya ua la rangi ya chungwa, ulimi umetoka, mistari yake ya buluu unaweza kuihesabu. Nikasema moyoni, leo ngoja niwatumie ua la kweli.

Nikaituma. Kisha shangazi wa marehemu akauliza, "Hapo ni wapi?"

Nikajibu kwa maringo kabisa: "Kwa mwenzangu, pale pale kaburini."

Mara simu ikaita. Alikuwa shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu. Huyu ni dereva wa malori. Msiba ulimkuta Tunduma, kwenye foleni ya mpakani, na mzigo wa watu juu ya gari. Alipopata mtu wa kumwachia gari na kufika huku, tulikuwa tumeshazika. Alikuta tuta na mashada ya maua yaliyonyauka. Tangu siku hiyo hajawahi kuongea nami bila kuomba msamaha katikati ya maongezi.

"Shemeji," akasema, "ile picha nimeikuza."

Nikafurahi. Nikamuuliza kama ameuona ulimi.

"Nimeona msalaba," akasema, na sauti ikamkatika. "Tumekutupa, shemeji. Kaburi la mdogo wangu limekuwa pori, wewe peke yako unatambaa kwenye majani. Nisamehe."

Nilipokata simu nikaifungua picha. Nyuma ya nyuki, kwenye ukungu, msalaba wa mbao umeinama, mkono mmoja umeliwa na mchwa, na majani yamefunika nusu ya jina. Picha ile niliitazama zaidi ya mara hamsini. Msalaba sikuuona hata mara moja. Nikataka kuifuta, lakini watu wote walikuwa wameshaiona, na maji yakimwagika hayazoleki.

Ukoo ulichanga siku ile ile. Wangemjengea kaburi, saruji na marumaru, jambo ambalo kwa kawaida watu husubiri miaka. Shemeji akaniambia atakuja mwenyewe na fundi, na safari hii hatachelewa. Nikasema, "Asante, shemeji." Nilitaka kusema tusubiri. Nikampigia binti yangu nimuulize tusubiri mpaka lini.

"Mama, hakuna mwezi ambao humo watakuwa hawamo," akaniambia. "Majike yakifa, watoto wako chini. Watoto wakitoka, wanachimba upya. Ongea nao, mama. Waeleze."

Waeleze. Kirahisi hivyo! Nilijizoeza nikiwa jikoni, nikiwa njiani, nikiwa ubaoni na chaki mkononi. Shemeji, naomba mume wangu asijengewe, kuna wadudu. Kila nilivyoligeuza, sentensi ilinirudia na uso wa mjane asiyemtakia mumewe heshima. Mtu ameacha gari, ameacha kazi, anakuja kulipa machozi yake, na mimi nimpokee na hayo? Asante ya punda ni mateke, wanasema. Sikutaka kuwa huyo punda.

Nikabuni njia nyingine. Siku moja kabla ya fundi kufika, alfajiri, nilichukua jembe. Nilikusudia kukata ule udongo wenye matundu, mabonge makubwa, niuhamishie ukingoni mwa shamba. Sijui kama ingewezekana. Huenda ningewaua wote kwa mkono wangu. Nilikuwa nimelinyanyua jembe, mara ya kwanza tangu azikwe, niliposikia kikohozi nyuma yangu.

"Afadhali, mwanangu," alisema mama mkwe. "Leo moyo umekubali."

Ningemwambia nini? Kwamba naifukua maiti ya mwanawe? Aliniona na jembe juu ya kaburi lenye majani, akaona mke anapalilia. Akaweka fimbo yake chini, akafunga khanga kiunoni, akainama kunisaidia. Yule mama ana miaka mingi na mgongo mbovu, na aling'oa majani yale moja moja kwa mkono, akiyakung'uta udongo, akimsemesha mwanawe kwa Kiha. Nami nikapalilia. Nililima juu juu nisiguse matundu, jasho linanitoka, na maua ya rangi ya chungwa yakawa rundo pembeni. Tulipomaliza alinishika mkono akaniita mke mwema.

Kesho yake walifika na pikipiki tatu, saruji, marumaru, na fundi kutoka Kibondo mjini. Shemeji ni mtu mkubwa, akikaa kwenye kiti tunakihurumia kiti. Alikwenda moja kwa moja kwenye tuta, akapiga magoti, akasema, "Mdogo wangu, nimechelewa." Alilia vile wanaume wanavyolia wakiwa hawajazoea. Nami nilisimama nyuma yake na hotuba yangu yote.

Alipoinuka nikasema. Ndiyo, nilisema. Nisijinyime hilo.

"Shemeji, humo ndani kuna nyuki."

"Nyuki? Nani kaweka mzinga?"

"Hapana, wa udongoni." Nikamwonyesha matundu.

Mama mkwe akasogea. Baba yake alikuwa mrina asali, ametundika mizinga ya magome kwenye miombo maisha yake yote, na kwa habari za nyuki hapa nyumbani yeye ndiye mahakama. Aliinama, akatazama, akaniuliza, "Wana asali?"

"Hawana, mama."

"Basi hao si nyuki, mwanangu. Hao ni wadudu tu."

"Usiogope, shemeji," akasema yule mwanamume kwa upole wa kuumiza. "Hawatakusumbua tena. Fundi ana dawa."

Nilikuwa na nafasi ya sentensi moja zaidi. Wote watatu walinitazama wakinisubiri, kwa sababu walinipenda na walidhani naogopa kuumwa. Mimi, niliyemnyamazisha padri, nilifungua mdomo nikawauliza kama wameshakunywa chai.

Fundi alipuliza dawa kwenye kila tundu. Akasawazisha tuta, akapanga matofali, akamwaga zege, akalilainisha kwa mwiko mpaka likang'aa kwa maji. Dawa aliipuliza saa tatu asubuhi, jua limetoka vizuri, na saa hiyo majike yanakuwa mbali, kwenye maua ya mashamba mengine. Kwa hiyo hawakufa. Walirudi.

Mmoja alikuja kwanza, miguu imejaa chavua, akasimama hewani mahali pale pale, kimo kile kile. Akashuka, akagusa zege, akapanda. Akazunguka, akarudi tena kama mtu aliyekosea nyumba na anaanza upya kutoka njia panda. Kisha wa pili, kisha wengine wanne. Fundi akawapungia kofia. Mmoja alitua kwenye saruji mbichi, akatembea hatua chache, akaacha alama ya njano, na fundi akapitisha mwiko juu yake bila kuacha kupiga mluzi.

Nikaanza kulia. Mama mkwe alinikumbatia kwa nguvu, akasema, "Lia, mwanangu, sasa amelala vizuri," na shemeji naye akaja, tukalia wote watatu tumeshikana, na mimi peke yangu nilikuwa nawatazama nyuki juu ya mabega yao. Lakini siwezi kuapa kwamba sikuwa namlilia na yeye. Vilikuwa vimekuwa kitu kimoja.

Marumaru zilipokamilika, shemeji aliniomba nipige picha niwatumie ukoo. Nikapiga. Nyeupe, safi, na msalaba mpya umenyooka. Pongezi zilimiminika kutwa nzima. Shangazi akaandika kwamba sasa hata marehemu anaona fahari, na niliweka mikono miwili ya shukrani kama wengine wote.

Shemeji aliondoka amenyooka mgongo. Nimemwona mtu akitua mzigo, na sitasema kwamba hakustahili.

Nyuki walikuja siku ya pili, watano. Siku ya tatu, wawili. Siku ya nne nilitoka alfajiri, nikakuta mama mkwe ameshafika mbele yangu, ameinamia marumaru, analalamika kwamba ni mpya na tayari zimechafuka. Juu ya marumaru palikuwa na vidoa vidogo vya njano, vingi, vimekusanyika mahali pamoja, usawa wa kifua. Chavua yao waliyokosa pa kuiweka.

"Shika, mwanangu," akasema, akanipa kitambaa kilicholowa. "Mke ndiye anayefuta."

Nikafuta.